Sisilia ya Mweusi inapokuangusha: dalili, chanzo na tawi la kuhamia

Malalamiko kuhusu Sisilia, ufunguzi wa sataranji wa Mweusi (1.e4 c5), hufanana, yawe yametoka kwenye meza za Shangani, bwenini mwa chuo Mtwara mjini au kwa kijana wa Lindi anayecheza kwenye simu usiku akiwa na bando lake: "Nimekariri Najdorf nzima, bado napigwa." Ushauri anaopewa ni kuhamia Dragoni. Mwezi ukiisha anapigwa na Dragoni vilevile, anaambiwa ajaribu Sveshnikov. Yote matatu ni matawi ya Sisilia, yaani njia tofauti za kuiendeleza. Kubadili tawi kunaponya baadhi ya magonjwa tu. Mengine utahama nayo.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo cha kawaida kimetangulia na cha nadra kimewekwa nyuma. Herufi ni zilezile za kwenye simu: N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, K mfalme, na askari hana herufi; x ni kula, + ni cheki, 0-0 ni kasri fupi na 0-0-0 kasri ndefu. Nukta tatu mbele ya hatua zina maana kwamba anayecheza ni Mweusi. Kama unatumia ubao wa turubai usio na alama, chukua kalamu ya wino mzito uandike a mpaka h na 1 mpaka 8 pembeni, na hakikisha mraba mweupe uko kwenye kona ya mkono wako wa kulia. Wapo wanaosoma hatua sawasawa ilhali ubao umelala ubavu.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua michezo yako kumi ya mwisho uliyopoteza ukiwa na kete nyeusi. Kwa kila mmoja andika mambo matatu: hatua ambayo ulianza kubahatisha, hatua ambayo kitu kilipotea, na kilichopotea ni nini (askari, kete au mfalme mwenyewe). Fanya hivyo kwa macho yako kwanza. Injini (programu inayochambua mchezo) iwashwe baadaye, kwa kuhakiki tu. Stockfish iliyomo kwenye programu ya Lichess hufanya kazi hata bila mtandao, kwa hiyo bando likikata si sababu.

SIMAMA HAPA kama michezo mingi kati ya hiyo ilivuka hatua ya 25 ukiwa huna upungufu wowote. Ufunguzi wako ni mzima. Unachohitaji ni mtu wa kukufundisha miisho ya ngome na askari, na tawi jipya halitakusaidia chochote.

Dalili ya 1: Mpinzani hachezi kabisa kile ulichojifunza

Hii ndiyo inayoongoza, tena kwa mbali, kwenye meza za mitaani na kwenye michezo ya dakika kumi. Umesoma Najdorf mpaka hatua ya 15, yeye anacheza 2.Bc4. Chanzo kiko kwenye daftari lako: muda wote umeutumia kwa 2.Nf3 na 3.d4, wakati wachezaji wengi wa kawaida hawafiki huko.

Anza na 2.Bc4. Jibu 2...e6, askofu wake anatazama ukuta, nawe unaandaa ...d5 au ...a6 na ...b5. Akitoa malkia 3.Qh5, cheza 3...Nf6, akishawishika kula c5 kwa malkia, askofu wako wa f8 anamla bila jasho. Akicheza 3.Qf3 toa farasi c6 uendelee na kazi yako.

2.c3 inahitaji jibu moja unalolijua vizuri: 2...Nf6 3.e5 Nd5 4.d4 cxd4 5.Nf3 Nc6 6.cxd4 d6, na akicheza 7.Bc4 rudisha farasi 7...Nb6. Uzuri wa jibu hili ni kwamba linakufunika pia dhidi ya kafara ya Morra. Akija 2.d4 cxd4 3.c3, usile. Cheza 3...Nf6 4.e5 Nd5, na mnaingia kwenye nafasi zilezile za 2.c3. Kazi moja, malipo mawili.

Ukipenda kula, basi ujue mtego wake: 3...dxc3 4.Nxc3 Nc6 5.Nf3 d6 6.Bc4 na sasa 6...Nf6 ni hatari. Inakuja 7.e5, na ukijibu 7...Nxe5 umekwisha: 8.Nxe5 dxe5 9.Bxf7+, mfalme anakula, malkia wako wa d8 anachukuliwa. Cheza 6...e6 kwanza, farasi afuate baadaye.

Shambulio la f4 (2.Nc3 Nc6 3.f4 g6 4.Nf3 Bg7 5.Bc4) lina mpango unaojulikana: f5, malkia apitie e1 mpaka h4, Bh6, Ng5, kisha mati kwenye h7. Dawa ni 5...e6, halafu farasi wa mfalme aende e7 badala ya f6. Akitoa kafara 6.f5 usikimbilie kumla; cheza 6...Nge7, na baada ya 7.fxe6 dxe6 nafasi yako iko salama. Hapa waliokulia kwenye drafti hupata shida ya kweli. Kwenye drafti kula ni lazima, na mkono umeshazoea. Sataranji haikulazimishi kitu, na askari wengi wanaowekwa mbele yako kwenye Sisilia wamewekwa makusudi.

Akicheza polepole, g3, Bg2 na d3 kabla ya f4, ukuta ni uleule: ...g6, ...Bg7, ...d6, ...e6 na ...Nge7, ili f5 iwe chini ya ulinzi wako. Akianza moja kwa moja na 2.f4, jibu 2...d5.

Inabaki cheki ya askofu. Ukiwa umecheza 2...d6, 3.Bb5+ inajibiwa 3...Bd7, mabadilishano, malkia anakula, basi. Ukiwa umecheza 2...Nc6, 3.Bb5 ni jambo zito zaidi. Kwenye pambano la ubingwa wa dunia London mwaka 2018, mpinzani Caruana aliitumia mara kadhaa kumzuia bingwa Carlsen asifike Sveshnikov. Jibu la kuanzia ni 3...g6, na ujue mapema kwamba askari wako wa c huenda wakabanana safu moja.

Dalili ya 2: Kete inapotea kabla ya hatua ya 12

Chanzo cha kwanza ni kuchanganya matawi. Hatua inayofaa tawi moja ni sumu kwenye tawi la jirani, na mfano mzuri ni ...Ng4 dhidi ya askofu wa e3. Kwenye Najdorf (2.Nf3 d6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 a6), 6.Be3 Ng4 inachezeka. Kwenye Dragoni (5...g6), 6.Be3 Ng4 inapoteza kete papo hapo: 7.Bb5+, ukiziba kwa 7...Bd7 askofu huyo amefungwa mbele ya mfalme na hawezi tena kumlinda farasi, kwa hiyo 8.Qxg4. Ukiziba kwa farasi wa d7, njia ya askofu wa c8 kwenda g4 imefungwa. Askari wa a6 anaonekana kama amepoteza hatua bure, kumbe ndiye anayezuia cheki hii. Kila unapochukua hatua kutoka tawi la jirani, jiulize: b5 iko chini ya ulinzi?

Chanzo cha pili ni farasi kwenda ukingoni kwenye Dragoni ya mkato, ile inayocheza ...g6 kabla ya ...d6. Mwaka 1958, Mmarekani Fischer alimwadhibu Mmarekani mwenzake Reshevsky hivi: 1.e4 c5 2.Nf3 Nc6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 g6 5.Nc3 Bg7 6.Be3 Nf6 7.Bc4 0-0 8.Bb3 Na5 9.e5 Ne8 10.Bxf7+ Kxf7 11.Ne6. Reshevsky alikula farasi kwa askari, malkia akaenda. Kumla kwa mfalme ni kubaya zaidi: Qd5+ kisha g4+ inaelekea mati. Weka nafasi hiyo kwenye ubao wa kweli, kwa mkono, mara kadhaa. Reshevsky hakuwa mchezaji mdogo, kwa hiyo usidhani utauona mtego huo saa ikikimbia. Ukiwa kwenye tawi hili cheza 8...d6 au 8...a5.

Cha tatu, kinachowapata wa Sveshnikov: 1.e4 c5 2.Nf3 Nc6 3.d4 cxd4 4.Nxd4 Nf6 5.Nc3 e5 6.Ndb5 d6 7.Bg5 a6 8.Na3 b5 9.Bxf6. Hapa ule kwa askari wa g. Ukila kwa malkia, 10.Nd5 inampiga na unapoteza muda ambao hauna pa kuufidia. Baada ya 9...gxf6 10.Nd5 f5 kuna kafara ya 11.Bxb5 axb5 12.Nxb5, ambayo inatisha kwa sababu farasi wawili wanaitazama c7. Jibu la kukumbuka ni 12...Ra4. Asiyelijua asicheze 10...f5.

Dalili ya 3: Mfalme anauawa kwenye safu ya h

Huu ni ugonjwa wa Dragoni. Mweupe anacheza 6.Be3 Bg7 7.f3 0-0 8.Qd2 Nc6, anaweka kasri ndefu, kisha h4, h5, Bh6, anamwondoa farasi wa f6 kwa Nd5, na malkia anashuka h7. Mpango wenyewe hauhitaji akili nyingi, na ndiyo maana hata mchezaji wa kawaida anauendesha vizuri.

Angalia kwanza hatua ya 9. Kama ameweka kasri (9.0-0-0) bila kucheza Bc4, jibu lako ni 9...d5 pale pale. Wanaopigwa wengi walikuwa na nafasi hiyo wakacheza ...Bd7 kwa mazoea. Kama amecheza 9.Bc4, ndipo 9...Bd7 10.0-0-0 Rc8 11.Bb3 Ne5 12.h4 h5 inapokuwa na maana. Askari wako wa h5 anaziba njia ya askari wake na kumlazimisha atumie muda kwa g4.

Kama hatua ya 9 iko sawa na bado unauawa, angalia askari wa g na h: umewasogeza mbele ya mfalme wako kwa hofu? ...h6 inampa Mweupe kitu cha kukamata. Kisha angalia c3. Dragoni bila kafara ya ngome kwenye c3 ni kujitoa mhanga. Nafasi ya kuitazamia ni pale Mweupe anapobadilisha maaskofu kwenye h6: baada ya ...Bxh6, Qxh6, malkia wake ameondoka d2, c3 imebaki na b2 peke yake, na ...Rxc3 inamvunjia mfalme ukuta. Unatoa ngome kwa farasi, unamwachia askari wabovu upande wa malkia na mfalme wake kaachwa wazi. Ukiona roho inauma kutoa ngome, Dragoni si tawi lako.

Kuna pia kosa dogo la malkia kukaa a5 mfalme akiwa g8. Farasi wa c3 anaruka d5, malkia wanatazamana, unamla wa d2, naye kabla ya kukurudishia anakula e7 kwa cheki. Askari mmoja ameondoka na muundo umeharibika. Sogeza mfalme h8 au linda e7 kabla ya kumpeleka malkia a5.

SIMAMA HAPA kama umeyafanya yote hayo na umeuawa tena kwa mati ileile mara tatu. Pumzisha Dragoni, mpelekee kocha michezo hiyo mitatu, hata kwa simu ya video kama mtaani kwako hayupo.

Dalili ya 4: Kafara kwenye e6 au d5, mfalme wako akiwa bado e8

Kwenye Najdorf, chanzo kikubwa ni kuchagua vibaya kati ya ...e5 na ...e6. Tazama maaskofu wa Mweupe wamekaa wapi. Wakiwa e2 au e3, ...e5 inafaa: 6.Be3 e5 7.Nb3 Be6. Akicheza 6.Bc4, weka ...e6 umzibie mshazari. Akicheza 6.Bg5, pia ...e6, kwa sababu 6...e5 inajibiwa 7.Bxf6 Qxf6 8.Nd5, malkia anapigwa na c7 inatishiwa kwa pamoja.

Pili, hesabu e6. Dhidi ya 6.Bc4 e6 7.Bb3 Mweupe hukusanya watatu: askofu wa b3, farasi wa d4 na askari anayefika f5. Wewe una askari wa f7 na askofu wa c8. Watatu kwa wawili. Ongeza mlinzi kabla hajafika: 7...Nbd7, kisha farasi aende c5, ambako anailinda e6 na kumtisha askofu wa b3 kwa hatua moja.

Tatu, ...b4 ya haraka. Ngome yake ikiwa e1 na mfalme wako bado e8, usimfukuze farasi wa c3. Atatua d5, ukimla safu ya e inafunguka usoni pa mfalme.

Nadra zaidi ni yule anayekula b2: 6.Bg5 e6 7.f4 Qb6 8.Qd2 Qxb2 9.Rb1 Qa3. Tawi hilo ni halali kabisa, ila ni la watu wenye kumbukumbu na muda. Kwenye pambano la ubingwa wa dunia Reykjavik 1972, mchezo wa 11, Fischer mwenyewe alimla askari huyo dhidi ya Spassky. Malkia wake akanaswa na mchezo ukaenda. SIMAMA HAPA: usimguse b2 mpaka umepitia tawi hilo na mtu anayelicheza. Kwa sasa cheza 7...Be7, kisha malkia c7 na farasi d7.

Dalili ya 5: Hakuna kilichopotea, lakini nimebanwa

Askari wa c4 na e4 wamekaa pamoja, ...d5 haiwezekani na ...b5 haiwezekani. Kwenye Dragoni ya mkato hiyo ni gharama ya tawi lenyewe, kwa kuwa 4...g6 inamruhusu 5.c4. Dawa ni kubadilishana kete, maana nyumba finyu inakaliwa vizuri na wachache: 5...Nf6 6.Nc3 d6 7.Be2 Nxd4 8.Qxd4 Bg7, kisha kasri, ...Be6, ...Qa5, ngome c8, ...a6, na ...b5 ndiyo lengo. Mchezo kama huo unaweza kwenda hatua 50. Mtu wa haraka haumfai.

Kama unachobanwa nacho ni farasi mweupe aliyekaa d5, uko Sveshnikov au Najdorf ya ...e5, na kosa la kawaida ni kubadilisha kete zinazoweza kumng'oa. Askofu wako wa miraba myeupe ana thamani hapo. Mtunze.

Dalili ya 6: Saa inaisha kabla ya mchezo kuanza

Matawi mengi mno kichwani. Kwa kila tawi, andika kwenye nusu ukurasa: mfalme anakaa wapi, askari gani anavunja katikati au pembeni (b5, d5, f5), na kete gani haibadilishwi. Usichoweza kukiandika hivyo hukijui, hata kama umekariri hatua 18. Injini ikikuonyesha 0.00 (nafasi ni sawa) na huoni kwa nini, acha kuongeza hatua na muulize mchezaji aliyekuzidi.

Ukiamua kweli kuhama

Sveshnikov ina njia nyembamba, hatua nane za mwanzo karibu zote ni za kulazimishana, kwa hiyo inamfaa mwenye muda mdogo wa kusoma na asiyeogopa tundu la d5. Najdorf ni pana kuliko zote. Mkulima aliye shambani msimu wote wa korosho hataweza kuitunza. Dragoni ina mpango mmoja ulio wazi lakini hatua moja iliyochelewa inaua. Anayetaka Sisilia yenye makali pungufu aangalie 2...e6 na ...a6 au ...Nc6 ya hatua ya nne, ambako mpangilio unasamehe zaidi, akikubali kwamba c4 itamfuata huko pia.

Pima gharama ya safari. Kutoka Najdorf kwenda Dragoni unabaki na 2...d6, na majibu yako yote ya 2.c3, 2.Bc4 na 3.Bb5+ yanabaki kama yalivyo. Ni hatua ya tano tu inayobadilika. Kwenda Sveshnikov kunataka 2...Nc6, yaani ujifunze 3.Bb5 upya kabla ya kucheza mchezo hata mmoja wa mashindano. Kama una mashindano Dar mwezi huu, usihame. Cheza tawi bovu unalolijua, na ubebe karatasi za dalili ya kwanza kwenye basi.